Umri wa Kuomba Sikukuu

Hapa Dumila sikukuu huingia kwa mlango wa watoto. Kabla pilau haijaiva, kabla wageni wa Morogoro na Kilosa hawajashuka stendi, utasikia hodi tatu nne kwa mpigo, na ukifungua utakuta safu ya watoto waliovaa nguo mpya, wengine na viatu vinavyowapwaya kwa makusudi ili viwafae na mwakani. "Shikamoo! Idi Mubarak! Tupe sikukuu yetu!" Krismasi ni hivyo hivyo, wenye misalaba shingoni na wenye kofia za vito wamechanganyika katika safu moja, maana tumbo la mtoto halina dhehebu. Unatoa shilingi mia mia, au biskuti, au sinia la pilau wanalolizunguka hapo hapo kibarazani. Wanashukuru, wanakwenda mlango wa pili.

Kwa hilo hatuna ugomvi. Ugomvi huanza pale mlangoni anaposimama mtu mwenye ndevu. Nimesikia mjadala huu mara nyingi, kwenye vijiwe vya kahawa na chini ya miembe, na hukumu huwa moja: mtu mzima haombi sikukuu. Akiomba, huitwa mtu mzima hovyo, na hakuna wa kumtetea. Hata mimi niliitoa hukumu hiyo kwa miaka mingi, tena kwa sauti. Leo nataka kuikosoa, nikianza na kujikosoa mwenyewe, kwa sababu nina deni linalotokana nayo ambalo sikupata nafasi ya kulilipa.

Kwanza tuseme kweli: watu wazima tunaomba sikukuu, ila hatupendi kuliita jambo hilo kwa jina lake. Mwezi Desemba ukifika, nani kati yetu hajamwambia mwenye duka, "Mwaka mzima nanunua kwako, kalenda yangu iko wapi?" Shemeji akija kutoka mjini, hatumwambii, "Shemeji, sisi wa shamba umetuletea nini?" Vijana wanaopiga ngoma na madebe usiku wa Ramadhani kutuamsha tule daku, asubuhi ya Idi si hupita nyumba kwa nyumba kuchukua chao? Baadhi yao ni baba wa watoto wawili. Hata siku ya pili ya Krismasi, tarehe 26 Desemba, ambayo tunapumzika kwa mujibu wa kalenda ya serikali, Waingereza waliipa jina la Boxing Day kutokana na masanduku na zawadi walizopewa watumishi na mafundi. Hao waliopewa hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima wenye kazi zao, wakidai bahashishi kwa waliowahudumia mwaka mzima.

Kwa hiyo swali la kama mtu mzima anaruhusiwa kuomba limekwisha kujibiwa na maisha. Lililobaki ni kujua kwa nini mmoja akiomba tunacheka na kutoa, na mwingine akiomba tunafunga mlango.

Wako waliojaribu kulimaliza swali hili kwa hesabu ya miaka. Huko Marekani na Kanada kuna sikukuu inayoitwa Halloween, tarehe 31 Oktoba, ambapo watoto huvaa sura za mizimu na wachawi, wakapita nyumba kwa nyumba usiku kudai peremende. Maneno yao mlangoni ni ya kumchagulisha mwenye nyumba: atoe kitu kitamu, au afanyiwe vituko. Mji wa Chesapeake, katika jimbo la Virginia, ulikuwa na sheria ya tangu mwaka 1970 iliyosema kwamba aliyezidi miaka 12 akipita kudai hivyo anaweza kutozwa faini, hata kufungwa jela. Mwaka 2019 baraza la mji lilipandisha umri hadi miaka 14 na kukiondoa kifungo. Mji wa Bathurst, Kanada, ulikuwa umewakataza waliozidi miaka 14, na mwaka 2017 ukasogeza mpaka hadi 16.

Nilipozisoma habari hizo nilicheka, kisha nikafikiri. Ikiwa miaka 12 ilikuwa kweli ndiyo mwisho wa utoto, vipi ikageuka kuwa 14? Na wa Bathurst, kwa nini awe mtoto kwa miaka miwili zaidi kuliko wa Chesapeake? Ni wazi kwamba wenyeji wale hawakuwa wakipima utoto. Walikuwa wakipima hofu. Mtoto wa miaka sita akikutishia kukufanyia vituko usipompa pipi, unacheka, kwa kuwa huna unaloliogopa kwake. Maneno hayo hayo akiyasema kijana mwenye mabega, usiku, uso umefunikwa, mama mwenye nyumba anatoa pipi huku mkono unatetemeka. Maneno ni yale yale, lakini mzaha umekwisha. Waliandika miaka kwa sababu miaka inahesabika, na hofu haihesabiki.

Hapo ndipo naona kipimo cha kwanza, nacho kinatufaa na sisi. Usiulize mwombaji ana miaka mingapi. Uliza kama unaweza kumnyima na ukalala usingizi. Watoto wa Dumila ukiwaambia, "Leo sina, wanangu, nendeni nyumba ya pili," wanakwenda wakiimba. Sasa mfikirie mtu mwenye muhuri mkononi, ambaye karatasi yako iko mezani kwake tangu mwezi jana. Anakutazama, anatabasamu, anasema, "Mzee, na sikukuu ndiyo hii, mbona kimya?" Ametumia maneno ya mtoto, lakini nyuma ya maneno kuna fimbo. Huyu hata angekuwa na miaka ishirini, amezeeka mno kwa kuomba sikukuu.

Nchi yetu imelifikiria jambo hili kwa uzito wake. Tume ya Rais kuhusu rushwa iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, iliyotoa taarifa yake mwaka 1996, iliwagawa wala rushwa katika mafungu mawili: wanaopokea kwa sababu mishahara haitoshi, na wanaopokea kwa tamaa ya kujilimbikizia. Nayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ilimtaka kiongozi kutangaza zawadi inayovuka kiwango fulani. Mgawanyo wa Tume ni wa haki, lakini kwa mtu aliyesimama dirishani haubadilishi kitu. Mwenye njaa na mwenye tamaa wote wawili wamekushikia karatasi yako. Ninalowalaumu zaidi ni kwamba wameliiba neno zuri la watoto wetu na kulichafua, mpaka leo mtu mwema akilitamka tunamtilia shaka.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi, wakasema tuifute mila yote, hata ya watoto, kwa kuwa inafundisha ombaomba. Siwabezi, wana hoja. Nimeona mzazi akimvika mtoto wake vizuri, akampa mfuko mkubwa, akampeleka kwenye nyumba zenye mageti peke yake, na jioni akahesabu fedha mwenyewe. Huyo ni mtu mzima aliyejificha nyuma ya mtoto, na mtoto yule anafundishwa biashara. Lakini watoto wengi hawafanyi hivyo. Wanagonga kila mlango, wa tajiri na wa mjane, na mjane akitoa tende moja moja anashukuriwa kama aliyetoa noti. Anachojifunza mtoto kwa mwendo huo ni kwamba mji mzima una milango, na kwamba siku moja katika mwaka yote ni yake. Sioni hasara katika somo hilo.

Dini nayo imelipanga jambo hili kwa utaratibu ambao sisi tumeuchanganya. Katika Uislamu, kabla ya sala ya Idi el Fitri, kila mwenye uwezo hutoa zaka ya fitri, pishi moja ya chakula, kama kilo mbili na nusu hivi, kwa kila kichwa kilichomo nyumbani mwake, hata mtoto mchanga. Hiyo ni ya maskini, na maskini mwenyewe ni mtu mzima. Haombi, ni haki yake, na inatakiwa imfikie mapema ili siku ya furaha isimkute akizunguka. Shilingi tunazowapa watoto zinakuja baadaye, nazo ni furaha tu. Sasa tujiulize. Mtu mzima anapofika mlangoni mchana wa Idi, akiwa amesimama katika safu ya watoto, huenda ni kwa sababu pishi yake haikumfika asubuhi. Tunamcheka kwa kuchelewa, ilhali waliochelewa ni sisi.

Tena mila zetu wenyewe zinawajua watu wazima wanaodai vitu bila haya. Ndio watani. Mwaka 1940 mwanazuoni Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika juu ya utani kama uhusiano ambao mila inamruhusu mtu, au hata kumlazimu, kumfanyia mwenzake mzaha, na mwenzake hatakiwi kukasirika. Mmarekani T. O. Beidelman, aliyeishi Ukaguru, katika milima hii tunayoiona kutoka hapa barabarani, kuanzia mwaka 1957, aliandika mwaka 1966 makala nzima juu ya utani wa Wakaguru, akiuhusisha na kifo na ukwe. Nawaheshimu wote wawili, hasa Beidelman, aliyekaa na watu na kuwasikiliza. Lakini mtu aliyekulia katika utani angetaka kuongeza jambo moja kwa msisitizo: mzaha wa mtani una gharama. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukaa mlangoni na kusema hatoki mpaka alipwe. Lakini huyo huyo ndiye atakayefanya kazi ngumu siku ya msiba wako, zile kazi ambazo ndugu mwenye uchungu hawezi kuzifanya. Na kesho ukifika kwake, utachukua na wewe. Basi kipimo cha pili ndicho hicho: anayeomba, je, yumo katika mzunguko wa kutoa?

Nimekwisha kutaja vipimo viwili, hofu na mzunguko, na msomaji anaweza kudhani nimevipata vitabuni. Nimevipata kwa aibu.

Mwezi Januari mwaka 2014 mafuriko yalitupiga. Maji yalishuka usiku kutoka milimani, yakafunika nyumba na mashamba ya Dumila, Magole na vijiji vya jirani, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika hapo darajani, magari yakapanga foleni pande zote mbili. Habari ya daraja ilitangazwa nchi nzima. Habari ya mashamba haikuwa na mtangazaji. Jirani yangu mmoja, mzee ambaye jina lake nalihifadhi, alikuwa na bustani ya nyanya na kipande cha mahindi bondeni. Maji yaliacha mchanga unaofika magotini.

Mwishoni mwa Julai mwaka huo ikaja Idi el Fitri. Watoto wakafika kama kawaida, na nyuma yao, akiwa ameshikana mikono na wajukuu wawili, amesimama yule mzee. Kanzu safi, kofia, bakora. Watoto walipokwisha kusema yao, naye akacheka akasema, "Na mimi mwanangu, nipe sikukuu yangu."

Nilikuwa na wageni sebuleni. Nikataka kuwachekesha. Nikasema kwa sauti ya kusikika ndani, "Babu! Na wewe umerudi utotoni? Sikukuu ya watu wazima mwaka huu haijafika kutoka Dar es Salaam!" Wageni wakacheka. Mzee naye akacheka, akasema, "Haya mwanangu, ikifika utaniita." Akawashika wajukuu mikono, wakaondoka. Wale wajukuu niliwapa mia mia.

Usiku, wageni walipokwisha kuondoka, mke wangu alisema neno moja tu: "Yule mzee hajawahi kutuomba kitu." Hapo nikaanza kuhesabu. Miaka watoto wangu walipokuwa wadogo, walikuwa wakirudi Idi na Krismasi na sarafu za mlango wake. Mavuno yalipokuwa mazuri, alituma tenga la nyanya bila kuulizwa, na ukimtumia fedha alikuwa akizirudisha. Mtu yule alikuwa ameweka katika mzunguko kwa miaka ishirini. Siku aliyonyoosha mkono kuchukua, nilimwambia umri wake umepita.

Na angalieni alivyoomba. Hakuja usiku kunieleza shida zake, jambo ambalo lingemvunjia heshima yeye na kunibana mimi. Alichagua siku moja katika mwaka ambayo kuomba si aibu, akachagua maneno ya watoto, akacheka ili na mimi niweze kucheka. Alinipa nafasi ya kumpa bila yeyote kati yetu kulazimika kusema neno njaa. Ningeweza pia kumnyima kwa upole, "Leo mkono mtupu, Babu, nitakupitia," na angelala na heshima yake. Badala yake nilimtania kwa ukali wa mtani, na mimi sikuwa mtani wake. Nilichukua mzaha wa utani bila kazi yake.

Kesho yake nilimpelekea unga na mchele. Alipokea, akashukuru, akaniuliza habari za wageni. Lakini hakuja tena mlangoni kwangu siku ya sikukuu. Wajukuu walikuja peke yao, Idi baada ya Idi, na kila mara nilitazama nyuma yao.

Alifariki wakati wa masika mwaka 2017. Siku ya mazishi watani walifika, watu wazima watupu, wengine na mvi. Walikaa mlangoni wakasema maiti hatoki mpaka tulipe. Mama mmoja alichukua kofia ya marehemu akaivaa, akashika bakora yake, akatembea kama alivyokuwa akitembea, akipita kwa kila mmoja wetu mkono umenyooshwa, na watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka. Hakuna aliyemuuliza umri wake. Alipofika kwangu nilitoa yote niliyokuwa nayo mfukoni. Alishangaa, akanitazama, kisha akaendelea kwa mwenzangu.

Sina sheria ya kuwatungia watu wa Dumila, wala sina imani na sheria za miaka 12 na 14. Mwenye muhuri akiniomba sikukuu, bado namnyima, na nakushauri umnyime. Mzazi anayemtuma mtoto na mfuko, mwambie ukweli kwa faragha. Lakini siku hizi, asubuhi ya Idi na ya Krismasi, tunafunga vifurushi viwili vitatu vya mchele na sukari, vikubwa kuliko vya watoto, tunaviweka nyuma ya mlango. Akija mtu mzima akacheka na kusema nimpe sikukuu yake, namwambia, "Ipo, nilikuwa nakusubiri." Wengine hawaji, na vifurushi hubaki. Jioni mke wangu huvibeba chini ya khanga, akavipeleka anakojua yeye.